Chupa ya Kijani Hujibu Swali Lipi?

Mtu akisimama mbele ya rafu ya shampuu huwa hana muda. Anachukua chupa, anaitazama usoni, anaigeuza, anakutana na herufi ndogo kama sisimizi, anaigeuza tena. Uamuzi umeshapita. Kilichoamua si ile orodha ya nyuma. Ni jani lililochorwa mbele, kijani kilichopauka kidogo ili kisifanane na cha kiwandani, na maneno matatu manne: asilia, safi, haina parabeni, rafiki wa mazingira. Anayeshughulika na lebo hizi hujifunza mapema kwamba uso wa chupa ni mali ya idara ya masoko na mgongo wake ni mali ya sheria. Mnunuzi husoma uso.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwa na losheni mawazoni. Kuna bidhaa ambazo ubora wake unaonekana kabla hujalipa, na nyingine utaujua baada ya kutumia. Mwaka 1973 wachumi Michael Darby na Edi Karni waliongeza kundi la tatu: bidhaa ambazo hata ukizitumia mpaka ziishe bado hutajua kama ulichoambiwa ni kweli. Shampuu imo katika makundi yote matatu kwa mpigo. Harufu yake utaijua dukani, uwezo wake wa kutoa mafuta kichwani utaujua bafuni, lakini kama maji yake yakifika mtoni yanadhuru samaki hutakuja kujua maisha yako yote. Katika kundi hilo la tatu bidhaa nzuri haiwezi kujiuza, kwa sababu uzuri wake hauonekani. Lazima isemewe. Na ikishakuwa ya kusemewa, nzuri na mbaya zinatumia maneno yaleyale.

Hapa ndipo vipodozi vinapoachana na bidhaa nyingine za kijani. Anayenunua balbu inayookoa umeme anajua anachookoa. Anayenunua krimu ya uso ya kijani, mara nyingi haiokoi dunia. Anaiokoa ngozi yake. Akisoma "asilia" anasikia "haitanidhuru". Akisoma "rafiki wa mazingira" anasikia "basi kwangu pia ni rafiki". Kichwani ana maswali matatu: je, itanidhuru, je, itafanya kazi, je, inaharibu mazingira? Lebo inamjibu la nne ambalo hakuuliza, yaani kiambato kimetoka wapi. Jibu linaweza kuwa la kweli kabisa, na bado maswali yake matatu yakabaki palepale.

Mfano ulio karibu ni mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda bila moto. Ni asilia, hakuna anayebisha. Yana viambato viitwavyo fyurokumarini ambavyo ngozi ikipigwa jua huifanya iungue na kubaki na mabaka meusi kwa wiki kadhaa. Au chukua linaluli, iliyomo kwenye mafuta ya lavenda. Ikiwa mbichi haisumbui watu wengi. Ikikaa wazi na kuchanganyika na hewa inageuka kuwa kiwashaji kinachojulikana vizuri kwa madaktari wa ngozi. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, viambato vya manukato vinavyoleta mzio lazima viandikwe kwa majina yake vikizidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini, au asilimia 0.01 katika ile inayosuuzwa. Orodha hiyo ilikuwa ya viambato 26. Kanuni ya mwaka 2023 imeipandisha kupita 80. Basi mnunuzi anakuta Limonene, Linalool, Citral, Geraniol mwishoni mwa lebo, anashtuka kwamba chupa "imejaa kemikali", anairudisha rafuni. Mara nyingi hizo ndizo mimea yenyewe aliyokuwa akiitafuta. Krimu isiyo na harufu kabisa, iliyotengenezwa kwa viambato vya maabara, ina lebo fupi na huwa salama zaidi kwa ngozi yenye mzio. Haina jani usoni, kwa hiyo hakuna anayeichukua.

Neno lenye nguvu kuliko yote kwenye rafu ni "haina". Na historia ya parabeni inatosha kulieleza.

Parabeni ni familia ya vihifadhi. Krimu ya kawaida ni maji asilimia 60 hadi 80, na palipo na maji na mafuta pamoja, bakteria na ukungu huhamia kama wageni wa arusi. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Philippa Darbre walichapisha kwamba wamekuta chembe za parabeni katika sampuli 20 za uvimbe wa saratani ya matiti. Utafiti haukusema kwamba parabeni ndizo zilizoleta saratani, wala haukupima tishu zenye afya ili kulinganisha. Lakini habari ilishatoka nje ya mkono. Lebo za "haina parabeni" zikachipuka kila mahali, hata kwenye bidhaa ambazo hazijawahi kuwa nazo.

Sasa fikiria uko upande wa maabara. Parabeni imeondoka, maji bado yapo. Lazima uweke kitu. Kampuni nyingi ziliweka methilisothiazolinoni, ambayo kwenye lebo husomeka Methylisothiazolinone. Umoja wa Ulaya uliiruhusu peke yake kwenye vipodozi mwaka 2005, hadi asilimia 0.01. Miaka michache baadaye kliniki za ngozi zilianza kupokea watu wenye vipele vya mikono, uso na makalio, baadhi yao watumiaji wa vitambaa vyenye unyevu vya kufutia. Mwaka 2013 jumuiya ya Marekani ya madaktari wa mzio wa ngozi ilikitaja kihifadhi hicho kuwa kiletamzio cha mwaka. Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku kwenye bidhaa zinazobaki mwilini kuanzia mwaka 2017, na kwenye zinazosuuzwa ukakibana hadi asilimia 0.0015. Na parabeni zenyewe? Mwaka 2014 tano zilikatazwa, propili na butili zikapunguzwa hadi jumla ya asilimia 0.14, na methili na ethili zikaachwa palepale kwenye asilimia 0.4. Watu walikimbia kihifadhi kilichokuwa kimezoeleka kwa miongo wakaangukia kipya kilichowatoa upele, na lebo haikusema uongo hata siku moja. "Haina" hukwambia kilichotoka, haikwambii kilichoingia. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2017 kuhusu madai ya vipodozi ilifikia kusema wazi kwamba "haina parabeni" haifai, kwa sababu inavipaka matope viambato vinavyoruhusiwa na sheria.

"Haina kihifadhi" nayo ina milango yake. Kama bidhaa haina maji, mfano siagi ya shea, mafuta matupu au zeri ya midomo, dai ni kweli na wala si ajabu, maana haikihitaji. Kama ina maji, tafuta Caprylyl Glycol, Ethylhexylglycerin, 1,2-Hexanediol au p-Anisic Acid. Kisheria hivi huhesabiwa kuwa vilainishi au manukato. Kazi yake ya pembeni ni kuzuia vijidudu. Si vibaya. Ila aliyelipa zaidi kwa sababu ya maneno hayo amelipia mpangilio wa makundi ya kisheria.

Wanaotengeneza wenyewe bidhaa za kijani kwa kiasi kidogo hukosea hapa kuliko mahali pengine popote. Wanachagua Sodium Benzoate kwa kuwa inasikika laini, wanaiweka asilimia 0.5, kisha hawapimi tindikali. Kihifadhi hicho hufanya kazi mchanganyiko ukiwa chini ya pH 5 hivi (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali inazidi). Ukiwa pH 6.5 umeweka jina tu kwenye lebo. Dalili huja baada ya wiki kadhaa: kwanza harufu ya kuchacha chini ya manukato, halafu maji yanajitenga, halafu chupa inavimba au madoa yanatokea kwenye kifuniko. Vitamini E haizuii hayo. Inazuia mafuta yasioze kwa hewa, jambo jingine kabisa, na wengi bado wanaiandika kama kihifadhi.

Tuje kwenye asilimia, maana hakuna mahali ambapo mnunuzi makini hudanganyika kwa ukweli mtupu kama hapa. Chukua gramu 100 za shampuu ya kawaida ya kijani. Maji gramu 78. Visafishaji vilivyotokana na nazi na sukari 16. Gliserini 3. Chumvi 1.2. Dondoo ya ua lililochorwa usoni 0.1. Manukato 0.8. Vihifadhi 0.9. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 16128, kilichotoka kwa sehemu mbili miaka ya 2016 na 2017, maji yanahesabiwa kuwa asilia, na madini kama chumvi pia. Jumlisha: 98.3. Chupa inaandikwa "asilimia 98 ya asili" na hakuna aliyekosea hesabu. Sasa mimina maji nje. Zinabaki gramu 22, za asili ni 20.3, yaani asilimia 92. Na lile ua? Katika chupa ya gramu 250 limo kwa robo gramu, kama chumvi inayobanwa kwa ncha za vidole viwili. Kazini tunaliita kiambato cha hadithi: kimewekwa ili lebo iwe na la kusimulia.

Kiambato cha hadithi kinakamatika kwa njia moja rahisi. Viambato hupangwa kwa uzito kuanzia kikubwa kwenda kidogo, mpaka kufikia asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo vinaweza kupangwa vyovyote. Kwa hiyo tafuta mahali mstari wa asilimia 1 ulipo. Phenoxyethanol, kihifadhi, hairuhusiwi Ulaya kuzidi asilimia 1. Chochote kilichoandikwa baada yake ni asilimia 1 au pungufu. Xanthan Gum, Tocopherol na Disodium EDTA nazo kwa kawaida huwa chini ya hapo. Ukiona ua la usoni limeandikwa baada ya majina hayo, unajua limo kwa kiasi gani. Ukiona mimea saba imefuatana kabla ya neno Parfum, yaani manukato, kuwa na shaka: chini ya asilimia 1 kampuni inaweza kuipandisha mimea yote mbele ya vihifadhi bila kuvunja sheria.

Alovera ina mchezo wake. Lebo inaanza na Aloe Barbadensis Leaf Juice badala ya maji, na mnunuzi anafurahi kwamba amepata chupa nzima ya mmea. Maji ya alovera yenyewe ni karibu maji matupu. Zaidi ya hapo, viwanda vingi hununua unga wake uliokaushwa, ule wa mia mbili kwa moja: gramu 5 katika lita moja ya maji na umepata tena "maji ya alovera". Unga wenyewe haukosi kazi. Ila picha iliyoko kichwani mwa mnunuzi, ya jani lililopasuliwa likatiririka chupani, haihusiani na pipa la kiwandani.

Nembo za kilimo hai zinahitaji uvumilivu kidogo. COSMOS, kiwango kilichoanzishwa na mashirika matano ya Ulaya ambayo awali kila moja lilikuwa na lake, kinadai kwamba viambato vya shambani visivyobadilishwa kikemikali viwe vya kilimo hai kwa asilimia 95, na kwamba kilimo hai kiwe angalau asilimia 20 ya bidhaa nzima. Kwa bidhaa za kusuuza kama shampuu, inatosha asilimia 10. Watu wakisikia 10 wanadhani ni ujanja. Si ujanja: maji hayalimwi, na shampuu ni maji. Mtu anayetafuta nembo ya kuamini namwelekeza huku kuliko kwenye duara la kijani lililochorwa na kampuni yenyewe likaandikwa "iliyothibitishwa". Imethibitishwa na nani? Nembo ya kweli ina jina la mthibitishaji, na jina hilo lina orodha ya bidhaa inayoweza kutafutwa.

"Haina salfeti" ni ndugu yake "haina parabeni", ila hii mnunuzi anaihisi mwilini, kwa hiyo inafundisha zaidi. Salfeti zinazoogopwa ni Sodium Lauryl Sulfate na Sodium Laureth Sulfate. Shampuu za asilia nyingi hutumia Sodium Coco-Sulfate, inayokubalika kwenye viwango vya asili kwa sababu imetokana na mafuta ya nazi. Ni salfeti, ni jamaa wa karibu kabisa wa ile ya kwanza, na jina lina nazi ndani yake. Nyingine huondoa salfeti zikaweka Sodium C14-16 Olefin Sulfonate, kisafishaji chenye nguvu na povu jingi. Salfeti haipo, kweli. Ukavu wa nywele upo.

Na zile zilizo laini kweli, za Coco-Glucoside kwa mfano, zina tatizo la povu. Povu halisafishi kwa kiasi kile watu wanachodhani, lakini ndiyo ishara pekee mtumiaji aliyonayo kwamba kitu kinafanya kazi. Likipungua, anabonyeza tena. Mwaka 2012 Ying-Ching Lin na Chun-tuan Chang walionyesha kwamba watu hutumia kiasi kikubwa zaidi cha bidhaa ya kijani kuliko cha kawaida, kwa sababu moyoni wanaihisi dhaifu, na wanaojali mazingira zaidi ndio wanaozidisha zaidi. Pampu nyingi za shampuu hutoa karibu mililita 2 kwa mbonyezo. Mibonyezo minne badala ya miwili, na chupa iliyotakiwa kukaa miezi miwili inakwisha kwa mmoja. Halafu kuna kusuuza. Dakika moja zaidi chini ya bomba linalotoa lita 10 kwa dakika, maji yakiwa yamepashwa nyuzi 20 juu ya yalivyotoka, ni takriban robo uniti ya umeme. Kwa bidhaa za kusuuza, sehemu kubwa ya mzigo wa kaboni iko kwenye maji ya moto ya mtumiaji, si kiwandani na wala si kwenye chupa. Lebo inayoandika "tumia mbonyezo mmoja, lowanisha nywele vizuri kwanza" ingefanya kazi ya kijani kuliko jani lolote. Ukilowanisha nywele mpaka zitone, kisha ukaongeza maji viganjani kabla ya kuongeza shampuu, povu linakuja lenyewe.

Hisia hiyo ya udhaifu ndiyo inayoamua kijani kiuze wapi na kishindwe wapi. Michael Luchs na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti uliolinganisha shampuu ya watoto wachanga na shampuu ya kuoshea magari. Kwa ya watoto, ambako watu wanataka upole, sifa ya kijani iliwavutia. Kwa ya magari, ambako wanataka nguvu, sifa ileile iliwafukuza. Kwenye rafu za vipodozi mgawanyiko huo uko wazi: mafuta ya mtoto, krimu ya ngozi nyeti, bidhaa za wajawazito, huko kijani kinapita bila kusukumwa. Kiondoa harufu ya kwapa, rangi ya nywele, dawa ya chunusi, huko mnunuzi anataka kitu "kikali", na jani usoni linampa wasiwasi. Muuzaji mwenye busara huko hutanguliza matokeo, kijani akakiweka mstari wa pili. Wengi hufanya kinyume, kisha wanalalamika kwamba watu husema wanapenda mazingira lakini hawanunui. Watu hawakudanganya. Waliulizwa kwenye dodoso, mahali ambapo kujibu vizuri hakugharimu kitu, na wakanunua dukani, mahali ambapo kwapa linanuka kweli.

Kuhusu kwapa, malalamiko makubwa ya bidhaa za kijani za eneo hilo ni wekundu na mwasho baada ya siku chache hadi wiki mbili. Chanzo mara nyingi ni Sodium Bicarbonate, soda ya kuumulia, yenye pH ya 8 na kitu juu ya ngozi inayopenda kuwa karibu na 5. Punje zake nazo zinakwaruza. Wauzaji wengine huwaambia wateja kwamba "mwili unatoa sumu". Kwapa halitoi sumu yoyote. Limeunguzwa na magadi. Mteja abadilishe atumie yenye Magnesium Hydroxide, aache kupaka mara tu baada ya kunyoa, na upele utatulia.

Hadithi kama hiyo ipo kwenye shampuu za mche. Mche mmoja unaweza kuwa sabuni halisi, ukisoma Sodium Cocoate, Sodium Olivate au Sodium Palmate, na hiyo ina pH ya 9 hadi 10. Mwingine ni kisafishaji kilichobanwa, ukisoma Sodium Cocoyl Isethionate, wenye pH ya 5 hadi 6. Rafuni wamelala pamoja, wamefungwa karatasi moja ya hudhurungi. Wa kwanza ukikutana na maji magumu huacha utando wa chokaa kwenye nywele: zinakuwa nzito, hazipitishi kitana, hazing'ai. Mteja huambiwa asubiri wiki sita nywele "zizoee". Haziwezi kuzoea chokaa. Huyo hatarudi kwenye bidhaa za kijani, na kosa halikuwa la kijani bali la mtu aliyeona aibu kuandika "sabuni" au "si sabuni" upande wa mbele.

Wanyama nitawapitia haraka. Ulaya ilipiga marufuku kujaribu vipodozi vilivyokamilika kwa wanyama mwaka 2004, viambato 2009, na uuzaji wa vilivyojaribiwa 2013. Kwa hiyo "haikujaribiwa kwa wanyama" huko ni kujisifu kwa kutii sheria. Sungura mwenye maana kwenye lebo ni yule wa nembo ya Leaping Bunny, mpango wa tangu 1996 unaofuatilia mpaka wauza malighafi. Sungura wa kuchorwa tu hana mwenyewe. Na "haina ukatili" haina maana ya "haina kitu cha mnyama". Rangi nyekundu ya mdomo yenye namba CI 75470 kwenye lebo imetoka kwa wadudu waliosagwa, asilia kwa asilimia mia.

Mafuta ya kukinga jua yanayojiita rafiki wa matumbawe hayana tafsiri moja ya kisheria. Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika Januari 2021, ikizuia uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali mbili za kuchuja jua. Kwenye lebo za kimataifa hizo huitwa Benzophenone-3 na Ethylhexyl Methoxycinnamate, kwa hiyo anayetafuta majina ya kwenye habari hazioni. Mawese nayo hujificha vivyo hivyo: chupa inaandikwa "haina mafuta ya mawese", ndani mna Glycerin na Cetearyl Alcohol ambazo zinaweza kuwa zimetokana na mchikichi, na lebo hailazimiki kusema.

Kifungashio ndicho kinachoonekana kwa macho, kwa hiyo ndicho kinachodanganya kwa urahisi zaidi. Mwaka 2021 kampuni moja ya vipodozi ya Korea Kusini iliingia matatani baada ya mteja kuichana chupa iliyojitangaza kuwa ya karatasi na kukuta ya plastiki ndani. Kampuni ilieleza kwamba plastiki hiyo ilikuwa karibu nusu ya ile ya zamani, na ikaomba radhi kwa jina lililopotosha. Kinachouma ni kwamba muundo wenyewe haukuwa mbaya. Nusu ya plastiki ni nusu ya plastiki. Kama ingeandikwa hivyo mbele, habari isingekuwapo.

Alama zinachanganya kuliko maneno. Duara la mishale miwili ya kijani inayofumbatana, lililoanzia Ujerumani mapema miaka ya 1990, halimaanishi kwamba chupa inarejelezwa. Linamaanisha mtengenezaji amechangia mfuko wa kukusanya taka za vifungashio. Pembetatu yenye namba ni aina ya plastiki: 1 ni ya chupa za maji, 2 ni ile nzito ya shampuu, 5 ni ya vifuniko. Namba haiahidi kwamba kuna mtu ataichukua. Plastiki "ya muwa" ni politini ileile, imetoka shambani badala ya kisima cha mafuta. Haiozi hata kidogo, ingawa inarejelezwa vizuri. Ile ya PLA, inayotokana na sukari ya mimea, inaoza, lakini katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi karibu 60. Chupa nyeusi iliyotiwa masizi haionekani na mashine za kuchambua taka zinazotumia mwanga wa infraredi, ikapita moja kwa moja jalalani ikiwa na maandishi yake ya kijani. Na pampu ina springi ya chuma ndani, mrija wa aina moja, kichwa cha aina nyingine. Chupa inaweza kuwa safi kabisa, pampu ikaiharibia.

Kisheria upepo umegeuka. Mwongozo wa Marekani wa madai ya kijani ulianza 1992 na kurekebishwa mara ya mwisho 2012. Uingereza ilitoa wake 2021. Ufaransa kwa sheria ya 2020 ilizuia kuandika "inaoza" au "rafiki wa mazingira" kwenye bidhaa. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2024/825, linaloanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, linakataza madai ya jumla yasiyo na uthibitisho, nembo zisizo na mfumo wa kuthibitishwa, na kudai kwamba bidhaa haina athari ya kaboni kwa sababu tu kampuni imenunua fidia ya miti. Anayeandika lebo leo aandike kitu kinachopimika na kinachojitenga: "chupa ni plastiki iliyorejelezwa asilimia 100, kifuniko na pampu hapana". Sentensi hiyo inaonekana kama kujisuta. Dukani wateja huiamini upesi kuliko jani, pengine kwa sababu ile "hapana" imewashtua.

Mifuko ya kujazia ndiyo mtindo wa sasa, na hesabu yake ni nzuri kama tu chupa ya kwanza itabaki. Mfuko wenyewe una tabaka kadhaa zilizobandikwa pamoja, kwa hiyo mara nyingi haurejelezwi; faida yake ni uzito mdogo wa plastiki. Mteja akinunua chupa mpya ya kioo kila msimu kwa kuwa rangi yake imependeza, mfuko umekuwa nyongeza. Anayejazia afungue pampu, aisukume maji ya uvuguvugu mpaka yatoke safi, aoshe chupa, kisha aigeuze kichwa chini ikauke siku nzima. Wengi huruka hilo la kukausha. Maji yaliyobaki chini huvizimua vihifadhi, mabaki ya zamani yana vijidudu vyake tayari, na baada ya wiki tatu losheni inaanza kutoka nyembamba na kunuka kama kitambaa kibichi. Mteja anaandika kwamba bidhaa za asili hazidumu.